Mpangaji Ndani ya Kompyuta

Kompyuta ya darasa la watu wazima la Magongo ilikuwa na tabia iliyowashinda wote: ilipona kila fundi alipokuja. Fundi Luqman alipoitwa alifunga duka lake la simu na kompyuta kando ya barabara, akaja na mkoba begani, akaketi, akabonyeza hapa na pale, na mashine ikaenda kama maji. Akaulizwa maswali, akajibu, akaaga. Kesho yake sauti ya kike iliyokuwa ikiwasomea sentensi kutoka ndani ya mashine ilianza kuvuta maneno, kisha ikawa inakatika katikati ya neno, kisha ikanyamaza kabisa. Na wanafunzi kumi na wanne wakabaki wameikodolea macho skrini, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema kwamba imeharibika tena.

Aliyekabidhiwa mashine hiyo ni Mweri. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu, wa kwanza Faith, mzaliwa wa Kaloleni aliyeolewa Changamwe, na siku aliyoingia darasani, miaka mitatu nyuma, hakuweza kutofautisha b na d. Mwalimu Elkana alimchagua kuwa msimamizi si kwa sababu alijua kompyuta kuliko wengine, bali kwa sababu hakuwahi kukosa siku, na jambo alilofundishwa mara moja alilishika lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Alifungua chumba saa saba na nusu mchana, akawasha mashine, akaandika mahudhurio, akaandika na vitu vya darasa vilivyokuwamo, kwa maana asubuhi chumba hicho kilitumiwa na kikundi cha ushonaji na vitu vilikuwa na mazoea ya kuhama. Saa kumi akazima, akafunga.

Ndani ya mashine mlikuwa na programu ya masomo arobaini. Sauti ilisoma sentensi, mwanafunzi akaisoma baada yake mbele ya maikrofoni, programu ikaihifadhi sauti yake na kumpa alama. Sentensi zilikuwa kumi kwa kila somo, na zilitakiwa kusomwa zote kwa mfuatano. Ikikatika moja, unaanza upya. Aliyemaliza somo la arobaini alipata cheti. Mweri alikuwa amefika la thelathini na nane.

Programu hiyo ilitungwa zamani, kwa ajili ya Windows ya zamani, na walioitunga walikwisha kutawanyika, hakuna aliyejua waliko. Kompyuta ya kwanza ilipokufa, shirika lililowafadhili lilileta nyingine mpya, ndogo, nyeusi, iliyosimama wima mfano wa kitabu kikubwa, yenye safu ya matundu utosini. Windows yake mpya iliikataa programu ile. Wangepoteza masomo yote, na sauti zote zilizohifadhiwa, lau Luqman hangesema kwamba anaweza kuiweka kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya.

Darasa lilimtazama kama mtu aliyesema ataweka gunia ndani ya kibaba. Luqman, mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye subira ya watu wa kazi yake, akaegemea meza na kuwaeleza kwa mfano wa nyumba ya kupangisha. Windows mpya ndiyo mwenye nyumba, alisema. Mwenye nyumba anamkatia chumba mpangaji, naye mpangaji ni Windows ya zamani, pamoja na programu yake. Mpangaji huyo haambiwi kwamba amepanga. Yeye anaamini nyumba nzima ni yake, ana saa yake ukutani na kabati lake, wala hamwoni mwenye nyumba hata siku moja. Lakini maji anayoyateka ni ya tangi lile lile moja. Akiteka mengi, mwenye nyumba ataona kiu. Akinyimwa, kazi yake italala.

Hata hivyo, kiwandani walikuwa wameifunga ruhusa ya kupokea mpangaji. Ikambidi Luqman azime mashine, aiwashe, na kubonyeza kitufe upesi kabla Windows haijaamka, mpaka ukatokea ukurasa wa buluu wa mipangilio ya ndani kabisa. Humo alifungua swichi moja tu. Bila swichi hiyo, alisema, kila neno la mpangaji lingepita kwa mkalimani, na somo la dakika kumi lingekwenda saa nzima. Alipomaliza, sauti ya kike ilisoma sentensi ya kwanza bila kigugumizi na darasa likapiga makofi. Akiwa mlangoni, Luqman aliwageukia akasema wailinde mashine na vumbi, kwa sababu Magongo ni mahali pa malori.

Aliyelipokea agizo hilo kwa uzito kuliko wote ni Bi Barke. Alikuwa mkubwa wa darasa, mwenye miaka sabini na mmoja, mzaliwa wa ukoo wa kale wa Jomvu Kuu. Msahafu aliusoma tangu utotoni na khati yake ya Kiarabu ilikuwa nzuri, lakini herufi hizi nyingine, alisema, zilimkataa toka alipozaliwa, naye aliamua kuzikomesha kabla hajafa. Alikuwa kwenye somo la sita, sasa mwezi wa nne. Asichoweza kukifanya kwa herufi alikifanya kwa mikono: baada ya siku tisa alileta kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya asmini pembeni, kilichotiwa wanga kikasimama chenyewe, na ndani yake bitana ya satini ili vumbi lisipate tundu la kupenya. Kiliivaa mashine kuanzia utosini mpaka mezani, kama vile kila redio na kila televisheni ya watu wenye adabu inavyovishwa. Darasa zima lilikisifu. Tangu siku hiyo Bi Barke aliketi kiti cha mbele.

Muda si mrefu ugonjwa ukaanza.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mwalimu Elkana alisema mpangaji anakunywa tangi lote. Wengine walisema ni umeme. Jambo lililomponza mpangaji ni hili: mtu akiandika barua upande wa mwenye nyumba, mashine haikusumbua, ilisumbua pale tu somo lilipofunguliwa. Basi lawama yote ikamwangukia mpangaji, na kwa nyuma yake Luqman aliyemleta. Luqman alikuja mara ya kwanza, akamwongezea mpangaji maji. Alikuja mara ya pili, akampunguzia. Mara zote mbili mashine ilikwenda vizuri mbele ya macho yake, na mara zote mbili ikaanguka alipokwisha kuwapa mgongo.

Ndipo barua ikaja. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, kwa sauti yake ya kawaida, na alipomaliza akaikunja. Bi Hanan, mratibu wa shirika, atawatembelea Alhamisi ya wiki ya tatu kuanzia hapo. Amesikia kwamba kompyuta inakaa bila kutumika. Akikuta ni kweli, itahamishiwa darasa la Mwakirunge, ambako wanafunzi ishirini na wanane wanasoma kwa ubao mmoja.

Hakuna aliyeweza kusema kwamba watu wa Mwakirunge hawastahili. Mweri hakusema hivyo hata moyoni. Alichofikiri ni masomo yake matatu yaliyobaki, la thelathini na nane, la thelathini na tisa na la arobaini. Mashine ikiondoka, inaondoka na sauti yake ya miaka mitatu, tangu siku aliyosoma neno "baba" kwa kuligawa vipande viwili. Kutoka Magongo kwenda Mwakirunge ni kuvuka mji wote, na mwanamke mwenye kibanda cha mihogo hawezi kuuvuka mji kila mchana akarudi kupika. Cheti kingekuwa kimemfikia mlangoni kikageuka.

Luqman aliitwa mara ya tatu, siku ya Alhamisi. Bi Barke, kama kawaida yake fundi anapoingia, alikivua kitambaa chote mwenyewe na kukipakata mapajani, kwa maana mikono ya mafundi ina mafuta. Mashine ikafanya kazi kama mtoto aliyeonywa. Luqman aliketi kitambo, mikono kifuani. Hakukasirika, ila alisema kwamba hawezi kuutibu ugonjwa asiouona, na hapo akamwita msimamizi.

"Mama Faith, kuanzia leo wewe ndiye macho yangu. Andika."

Akamwonyesha ukurasa mmoja wa upande wa mwenye nyumba, unaoonyesha jinsi mashine inavyofanya kazi. Palikuwa na mistari iliyopanda na kushuka, na chini yake tarakimu za kasi. Mashine ikiwa salama, alisema, utaona tatu nukta moja. Akamwonyesha pia saa mbili, ya mwenye nyumba pembeni mwa skrini na ya mpangaji ndani ya dirisha lake. Mpangaji akizidiwa, saa yake hubaki nyuma, kwa kuwa hata kuhesabu dakika kunataka nguvu. Ayaandike hayo mwanzo wa somo na mwisho wake, kila siku, bila kuruka.

Mweri alinunua daftari la kurasa tisini na sita. Siku ya kwanza ilimchukua nusu saa kuandika mistari mitano. Aliandika tarehe, kasi, saa mbili zile, na kwa kuwa aliogopa kuacha kitu ambacho baadaye kingetakiwa, alinakili humo pia mahudhurio na vitu vya darasa: viti kumi na vitano, meza, ubao, maikrofoni, kitambaa.

Wiki ya kwanza, Jumatatu ilikuwa ya furaha. Kasi haikushuka na saa mbili zilikwenda pamoja. Jumanne kasi ilianza tatu nukta moja na kuisha sufuri nukta nane. Saa ya mwenye nyumba ilisema nane na dakika arobaini, ya mpangaji nane na thelathini na moja. Mweri alilitazama jambo hilo kwa muda mrefu, chumba kimoja chenye nyakati mbili, kisha akaliandika. Jumatano vile vile, Alhamisi vile vile. Wiki ya pili hata Jumatatu haikuwa na heri. Katika siku zote nne za darasa sauti ya kike ilivuta maneno, isipokuwa Alhamisi, ambapo Luqman alipita akielekea sokoni, akakaa nao robo saa, na mashine, kwa desturi yake, ikapona.

Wiki ya tatu Jumatatu ikawa ya furaha tena. Mweri alisoma sentensi saba za somo la thelathini na nane kabla ya kengele, na akarudi nyumbani akiamini kwamba Mungu amewatazama. Jumanne mambo yakarudi kule kule. Fancy, muuza samaki wa kukaanga mwenye ulimi usiolala, alichungulia daftari begani mwa Mweri, akapitisha kidole kwenye mahudhurio, akacheka.

"Hebu tazama. Jumatatu zote mbili zilizokuwa nzuri, Bi Barke hakuwapo, alikwenda kliniki yake ya presha. Akija yeye, mashine yalala. Mashine yamwogopa Bi Barke."

Darasa likacheka, na Bi Barke mwenyewe akacheka. "Na iniogope," alisema. "Wajukuu hawaniogopi tena, walau nipate huyu mmoja."

Mweri hakucheka. Alirudi kwenye daftari, kwa sababu mzaha wa Fancy ulikuwa umeandikwa pale kwa mkono wake mwenyewe, na ulikuwa kweli, isipokuwa kwa siku moja. Alhamisi ya wiki ya pili, siku aliyopita Luqman, Bi Barke alikuwapo na mashine ilikuwa nzima. Basi si Bi Barke. Akajiuliza siku hiyo Bi Barke alikuwa akifanya nini, akamwona vizuri kabisa: ameketi kiti cha mbele, kitambaa amekipakata. Akashuka kwenye orodha ya vitu. Jumatatu zile mbili nzuri, baada ya neno maikrofoni, hapakuwa na neno kitambaa. Bi Barke alikichukua kila baada ya wiki mbili siku ya Alhamisi, akakifua, akakitia wanga, akakipiga pasi, na kwa kuwa Jumatatu ilikuwa ya kliniki, alikirudisha Jumanne.

Alifunga daftari.

Jumatano alifungua chumba saa saba kamili, nusu saa kabla ya wakati. Akawasha mashine na kitambaa kikiwa juu yake, akamwamsha mpangaji, akaliacha somo liende. Kasi ilisimama kwenye tatu nukta moja kwa dakika nne, ikaja mbili na nusu, ikaja moja na nusu, na dakika ya kumi na moja ilikuwa sufuri nukta nane na sauti ikaanza kuvuta. Akakiinua kitambaa. Hewa iliyotoka chini yake ilimpiga usoni, na alipogusa matundu ya utosini yalikuwa ya moto kama kifuniko cha sufuria iliyopaliwa makaa. Dakika sita baadaye kasi ilikuwa imerudi. Mwalimu aliwahi kuwafundisha kwamba jambo lililotokea mara moja laweza kuwa la kubahatisha, kwa hiyo akarudia mara ya pili, na jibu likawa lile lile. Kumbe mashine ilikuwa ikijipunguzia kasi yenyewe, kama mtu anayetembea polepole juani asije akazirai. Barua ya mwenye nyumba ilikuwa kazi nyepesi, haikuitoa jasho. Kazi ya kubeba nyumba mbili ndiyo iliyoipandisha joto, na joto halikuwa na pa kutokea. Mpangaji alisingiziwa tu.

Aliposikia viatu vya Bi Barke mlangoni, alikirudisha kitambaa mahali pake. Hakujua kwa nini. Mkono ulifanya kabla yake.

Mchana wote alitafuta nafasi ya kumwambia. Nafasi ilipatikana saa kumi, wenzao walipokwisha toka, na Bi Barke alikuwa akikikunja kitambaa kwa mikunjo minne.

"Bi Barke, kuna jambo nataka kukwambia kuhusu mashine."

"Niambie kesho, mwanangu. Hiki nakichukua. Mgeni yuwaja, siwezi kuiwata mashine na kitambaa kilichokunjamana." Akakitia mkobani, akapunguza sauti. "Mimi Bi Hanan akiniuliza nimesoma nini, nitamwambia somo la sita, na yeye atacheka kwa adabu. Lakini akiuliza nani aliyeivisha mashine, hapo nitakuwa na jibu."

Mweri akasema inshallah kesho, kama alivyozoea kumjibu Bi Barke, akafunga mlango. Njiani alifikiri kumwendea Mwalimu, amwombe yeye aseme. Akaona kwamba kumtanguliza mwanamume akaseme neno aliloligundua mwenyewe ni kumtia Bi Barke aibu mara mbili. Akafikiri pia kunyamaza. Lakini kunyamaza kulikuwa na jibu lake, nalo ni gari la shirika kusimama mlangoni na kompyuta kupakiwa.

Alhamisi Bi Barke aliwahi kuliko wote. Alileta vitambaa vitatu, cha mashine, cha skrini na cha meza, vyote vimetiwa wanga, na kile cha mashine amekibadilishia bitana ya zamani kwa nyingine mpya, nzito zaidi. Mweri alipofika, mashine ilikwisha kuvishwa.

Bi Hanan alikuja saa nane, mwanamke mtaratibu aliyesalimia kila mtu kwa zamu na kumwamkia Bi Barke kabla ya Mwalimu. Luqman alikuwa ameitwa ashuhudie, naye alisimama karibu na mlango, mkoba begani. Bi Hanan hakutaka hotuba. Alisema angependa kumwona mwanafunzi mmoja akisoma somo moja, lote, na hilo lingemtosha. Mwalimu Elkana akamtaja msimamizi, somo la thelathini na nane.

Mweri aliketi, akavuta maikrofoni. Sentensi ya kwanza aliisoma, na ya pili. Kila alipomaliza moja, jicho lilimtoroka likaenda kwenye tarakimu zile pembeni. Tatu nukta moja. Sentensi ya tatu, tatu nukta moja. Ya nne, mbili nukta sita. Ya tano, moja nukta tisa, na sauti ya kike ikaanza kuvuta mwisho wa maneno. Bi Hanan alifungua kalamu yake. Ya sita ilikatika katikati, na darasa lote likainamisha vichwa pamoja, kwa namna ya watu waliolizoea jambo.

Mweri aliisukuma maikrofoni mbali kidogo, akasimama. Hakumtazama mgeni. Alimgeukia mwanamke wa kiti cha mbele.

"Bi Barke, naomba radhi yako. Nina jambo nimeliandika, nataka kulisoma mbele yako."

Bi Barke akamtazama, kisha akatazama daftari. "Soma, Mama Faith."

Alisoma akiwa amesimama, kidole kikiwa chini ya mstari. Hakuwahi kusoma maandishi yake mwenyewe mbele ya watu, na alisoma kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka, kama anavyosoma mtu anayeogopa kuliruka neno.

"Jumatatu. Bi Barke hayupo, kliniki. Viti kumi na vitano, meza, ubao, maikrofoni. Kasi mwanzo tatu nukta moja, mwisho tatu nukta moja. Jumanne. Bi Barke yupo. Viti kumi na vitano, meza, ubao, maikrofoni, kitambaa. Mwanzo tatu nukta moja, mwisho sufuri nukta nane."

Aliendelea hivyo wiki ya kwanza yote na ya pili, mpaka Alhamisi aliyopita fundi, akasoma kwamba Bi Barke yupo, kitambaa kimepakatwa, kasi haikushuka. Akasoma na majaribio ya Jumatano, mara mbili, dakika kwa dakika.  Mlangoni, Luqman aliutua mkoba wake chini polepole.

"Soma tena hapo fundi alipokuja," alisema Bi Barke.

Akasoma tena.

"Kwa hivyo hakuna siku hata moja fundi aliyoiona imevaa."

"Hakuna, Bi. Ulikiondoa kitambaa kila alipokuja."

"Na mimi ndimi niliyekuwa nikiiziba pumzi, miezi yote hii."

"Fundi alituambia tuilinde na vumbi," alisema Mweri. "Sote tulisikia. Aliyemtii ni wewe peke yako."

Luqman akasema kutoka mlangoni kwamba neno hilo ni la kweli, alilisema yeye na hakulimalizia. Alipaswa kuwaambia pia kwamba mashine hupumua kwa juu.

 Bi Barke aliinuka, akasogea mezani, akakishika kitambaa kwa ncha mbili kama mtu anayemvua mtoto kanzu, akakinyanyua. Aliweka kiganja juu ya matundu, akakiondoa upesi. Kisha akarudi kitini pake, akakikunja kwa mikunjo minne, na uso wake haukuonyesha kitu.

Mweri alimwomba Bi Hanan awape dakika saba.  Tarakimu zikapanda moja moja, na zilipofika tatu nukta moja Mweri alianza somo upya, kutoka sentensi ya kwanza, akalisoma mpaka ya kumi. Sauti ya kike haikuvuta hata neno moja. Programu ikampa alama tisini na mbili. Bi Hanan akaandika mistari michache, akasema kwamba mashine inafanya kazi na kwa hiyo itabaki, na kwamba ataitafutia Mwakirunge nyingine kwa njia yake. Akamwomba Mwalimu nakala ya kurasa zile za daftari. Hakuuliza nani aliyefuma vitambaa.

Jumatatu Bi Barke hakuja, na haikuwa wiki ya kliniki. Jumanne hakuja. Mweri alisoma somo la thelathini na tisa likapita, na furaha yake ikawa nusu. Kwenye daftari aliandika, kama kawaida, kwamba Bi Barke hayupo na kitambaa hakipo, kasi tatu nukta moja. Fancy aliuona mstari huo, akafungua kinywa, akakifunga.

Jumatano, saa nane kasorobo, Bi Barke aliingia na mkoba wake. Aliwaitikia wenzake shikamoo zao, akaenda moja kwa moja mezani, akatoa kitambaa. Bitana ya satini ilikuwa imefumuliwa yote. Juu, mahali pa matundu, alikuwa amekata mdomo wa mraba na kuuzungushia asmini ndogo ndogo, na nyuma, mahali pa nyaya, ameacha wazi kabisa. Akaivisha mashine.

"Sasa fungua hilo somo lako, uandike," alimwambia Mweri. "Sitaki kuambiwa mbele za watu mara ya pili."

Mweri alifungua somo, akangoja. Walisimama pamoja mbele ya skrini, bega kwa bega, dakika kumi na tano.

"Hizo zasemaje? Mato yangu hayafiki."

"Mbili nukta sita."

"Ni njema au mbaya?"

Mweri alifikiri kusema ni njema. "Ni mbaya kidogo, Bi."

 Bi Barke alitia mkono mkobani, akatoa makasi. Alikata ubavu wa kulia, kidole kimoja na nusu, asmini mbili zikaanguka mezani, akaangalia kazi yake, akakata na wa kushoto. Kisha akavuta kiti karibu sana na skrini, akatoa miwani aliyokuwa haivai darasani, akaivaa, akangoja. Baada ya muda akanyoosha kidole mpaka karibu akiguse kioo.

"Tatu," alisema. Akasogeza kidole. "Nukta. Moja."

"Ndiyo, Bi Barke."

"Haya, andika. Kisha nipishe hapo, nina somo la sita."

Mweri aliandika, akampisha, akamsogezea maikrofoni.